Msemaji wa Wasiozaliwa

Kila asubuhi, kabla watoto wa chekechea hawajaanza kuwasili na vikombe vyao vya plastiki, Mwalimu Sikudhani aliteremka chemchemini na ndoo mbili na kata. Alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulimpa amani kuliko jambo lolote katika siku yake. Alivua kandambili na kuziacha juu ya jiwe bapa, maana bibi yake alimfundisha kwamba maji ya kunywa hayasogelewi na viatu vilivyotoka chooni. Kata ya kwanza aliimwaga pembeni, kuondoa majani. Ya pili aliinywa mwenyewe, polepole, macho ameyafumba. Kisha alijaza ndoo: moja ya uji wa watoto, nyingine ya Bibi Nyamizi, aliyemlea tangu akiwa mchanga, na ambaye sasa magoti yake yalikuwa yamekataa katakata habari za vilima.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshavua kandambili ya kulia alipoiona kamba.

Ilikuwa kamba nyekundu, mpya, imezungushwa chemchemi yote. Nyuma yake alisimama Gervas, mgambo wa kijiji, kirungu mkononi, uso umekunjamana kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

"Mwalimu, rudi ulikotoka."

"Kuna nini, kaka Gervas?"

"Maji yana wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

Gervas alijikuna shingo, akikumbuka alivyofundishwa. "Wasiozaliwa."

Sikudhani alitazama huku na huku. "Wako wapi?"

"Sasa Mwalimu na wewe! Wangekuwapo ningelinda nini?" Kisha akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Usinifanye nionekane mimi ndiye mkorofi. Si wewe mwenyewe uliyepitisha juzi? Ulitikisa kichwa kukubali. Wote tulikuona."

Sikudhani alibaki amesimama, mguu mmoja na kandambili na mwingine bila. Ni kweli alikuwa ametikisa kichwa. Alidhani wanapitisha ajenda ya choo cha soko.

*

Ili jambo hili lisionekane la ajabu, ni vizuri kueleza kwamba nchi yenyewe ilikuwa imeendelea sana. Jina lake halitatajwa hapa kwa sababu haikuwa nalo. La zamani lilikuwa limefutwa, na jipya, zuri zaidi, lilipangwa kutolewa mwisho wa Mpango. Zamani nchi hiyo ilikuwa na wizara nyingi zenye kelele: ya maji, ya afya, ya barabara. Viongozi wenye hekima wakagundua kwamba matatizo yote ya wizara hizo yalikuwa matatizo ya sasa. Wakazifunga, wakafungua moja tu, Wizara ya Baadaye, na tangu siku hiyo malalamiko dhidi ya wizara hizo yalikoma kabisa.

Kila kijiji kiliagizwa kuandaa Mpango wake wa Miaka Mia. Kijiji cha Chemchemi kilikuwa cha kwanza kuitikia. Kwa azimio moja tu Halmashauri ya Kijiji ilikipandisha cheo, kikawa Jiji Tarajiwa la Chemchemi, na Mwenyekiti Matagi akaanza kuvaa koti hata wakati wa kupalilia. Mabango yalichomekwa kila mahali. Kwenye mabua ya mahindi palisomeka "Hospitali ya Rufaa." Nyuma ya zizi la mbuzi, "Chuo Kikuu, Kitivo cha Sheria." Watu wenye homa walipita kando ya bango la hospitali wakiwa wamefungwa kanga kifuani, wakakatazwa kukatisha katikati, kwa sababu hapo ni wodi ya upasuaji na hairuhusiwi kuingia na viatu vyenye udongo.

Mtaalamu wa mambo hayo alikuwa Bwana Luhende, Afisa Mipango aliyetumwa na Wizara. Alikuwa na sauti laini na tabia ya kutazama juu ya vichwa vya watu, kana kwamba nyuma yao kuna wengine warefu zaidi. Katika mkutano wake wa kwanza aliulizwa na Mzee Pazi, mwashi wa matofali ambaye hakujaliwa kipaji cha kunyamaza:

"Bwana Mtaalamu, huu Mpango tukiukataa?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha, maana Bwana Luhende hakucheka.

"Swali zuri sana, mzee wangu. Wananchi wako wa aina tatu. Wako Waliopita. Hawa hawana shida, hamjawahi kuwasikia wakilalamika. Mko ninyi, Waliopo. Ninyi ni wachache, na mnapita tu. Halafu wako Wasiozaliwa, ambao ni wengi kuliko mnavyoweza kufikiri, na hawana mwisho. Sasa, nchi hii ni ya kidemokrasia au si ya kidemokrasia?"

"Ya kidemokrasia!" mkutano uliitikia.

"Wengi wape?"

"Wapewe!"

"Basi," alisema Bwana Luhende kwa upole, "mmeshashindwa."

Mwenyekiti Matagi aliinua ngumi. "Jiji Tarajiwa!"

"Linakuja!"

"Mtaalamu wetu apigiwe makofi matatu ya kilo!"

Pa! Pa! Pa!

Ilibaki kumpata wa kuwasemea. Sifa zilijadiliwa. Ilionekana kwamba Wasiozaliwa, tangu dunia iumbwe, hawajawahi kusema neno lolote katika mkutano wa kijiji. Alihitajika mtu anayefanana nao. Macho yote yakahamia mstari wa nyuma, alikokuwa amekaa Mwalimu Sikudhani, akifungua na kufunga pindo la kanga yake. Alikuwa amesoma chuo, alikuwa na cheti cha ualimu wa awali, na katika mikutano yote aliyohudhuria hakuwahi hata kukohoa. Aliposikia jina lake alitaka kusema hawezi. Lakini ili kusema hawezi ilibidi aongee mbele ya watu, na hilo ndilo hasa alilokuwa hawezi.

"Ukimya wake," alisema Mwenyekiti, "ni ishara ya kukubali."

Msemaji alihitaji chombo cha kuwasikia wale anaowasemea. Halmashauri ikaazima mtungi kwa Bibi Nyamizi, mtungi mweusi wa tumbo pana uliofinyangwa na mama yake bibi, wakasema utarudishwa. Utaratibu ukawekwa: Mwenyekiti anasoma ajenda, Msemaji anainamisha sikio kwenye mdomo wa mtungi mtupu, anasikiliza, anatikisa kichwa, kisha Mwenyekiti anatangaza walichosema.

Siku ya kwanza Sikudhani aliinamisha sikio kwa uaminifu wote. Alisikia mvumo tu, kama wa upepo kwenye chupa. Alifungua mdomo kueleza hivyo, lakini Mwenyekiti alikuwa ameshatangaza: "Wameridhia!" Pa! Pa! Pa! Toka hapo Wasiozaliwa waliridhia mambo mengi. Waliridhia uwanja wa ndege. Waliridhia mbuzi wasile majani ya uwanja huo. Siku moja, adhuhuri, waliridhia kwa kauli moja Bwana Luhende aongezewe paja la kuku.

Na juzi, kumbe, waliridhia chemchemi.

*

"Wewe?" alisema Bibi Nyamizi.

"Mimi, bibi."

"Ulitikisa kichwa."

"Nilidhani ni choo cha soko."

Bibi Nyamizi aliigeuza kata mkononi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kibarazani, nyumba yake ikiwa ya mwisho kabla ya mteremko wa chemchemi, na maisha yake yote alikuwa akilala huku akisikia maji yakitoka ardhini. Sikudhani alitamani angalau angefokewa.

"Hao Wasiozaliwa," bibi aliuliza mwishowe, "watazaliwa na nani?"

"Na sisi, bibi."

"Sisi tukiwa tumekunywa nini?"

Jibu la swali hilo lilitolewa jioni, kwa kipaza sauti. Jumamosi chemchemi itafunikwa kwa zege nene, lenye nondo, ili maji yasipotee bure midomoni mwa Waliopo. Kifuniko kitafunguliwa na Wasiozaliwa wenyewe, Mpango utakapotimia. Hadi hapo wananchi watatumia mto. Mto ulikuwa mbali, chini ya genge, na ulikuwa na mamba.

"Mto hauna mamba," ilitangaza sauti ya Mwenyekiti, ikikwaruza. "Narudia. Katika Mpango wetu, mbuga ya wanyama iko awamu ya nne. Kabla ya awamu ya nne hakuna mamba atakayetambuliwa."

Mamba, kwa bahati mbaya, hakuwa amehudhuria mkutano. Jumatano alimkamata Mama Siwatu, jirani yao, mama wa watoto wawili wa chekechea, akiwa amepiga magoti kuchota. Wenzake walimvuta kwa mikono na makelele, wakampata, lakini mguu ulichanika vibaya kutoka gotini kwenda chini. Walimpandisha genge kwa machela ya kanga. Walipofika kwenye bango la Hospitali ya Rufaa, mmoja wa wabebaji, kwa uchovu au kwa hasira, alikatisha katikati ya wodi ya upasuaji, akapigwa faini.

Sikudhani alimfunga jeraha kwa shuka lililochanwa wakati gari likitafutwa. Mama Siwatu alikuwa akitetemeka, lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"Mwalimu. Waulize hao watu wako wa mtungini. Mguu wangu uko awamu ya ngapi?"

Sikudhani alikaza fundo la shuka.

*

Alhamisi alikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Njia nzima alirudia sentensi moja: Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba chemchemi ifunguliwe. Aliirudia kwa sauti mbele ya kuku na mbele ya uzio wa minyaa, ikatoka vizuri. Alipofika barazani na kumwona Mwenyekiti Matagi ameketi na Bwana Luhende, mbele yao jagi la maji safi yenye ubaridi wa chemchemi, sentensi ilimpotea.

"Shikamooni."

"Marahaba, Msemaji! Karibu, karibu. Tulikuwa tunakutaja."

"Mheshimiwa... nimekuja... kuhusu Jumamosi."

"Jumamosi utavaa kitenge, si kanga. Kutakuwa na picha."

"Ni kuhusu maji, Mheshimiwa. Mama Siwatu..."

"Tumesikitika sana," alisema Mwenyekiti, akijimiminia glasi. "Halmashauri imekaa kikao cha dharura na imemsamehe."

"Amemkosea nani?"

Hilo alilisema kwa sauti ndogo mno, na Mwenyekiti hakulisikia, au alichagua kutolisikia. Ni Bwana Luhende aliyemgeukia, akatazama juu kidogo ya kichwa chake.

"Bibi yako anaendeleaje, Mwalimu?"

"Hajambo."

"Nimeona nyumba yake iko karibu na eneo la mradi. Umri wake umekwenda. Magoti, nasikia, hayafanyi kazi." Alitabasamu kwa huruma ya kweli kabisa. "Unajua Mpango una kifungu cha heshima kwa wazee. Mzee akionekana kuwa kizuizi, Halmashauri inaweza kumhamishia mapema kwenye orodha ya Waliopita. Ni heshima kubwa. Anapigiwa makofi. Ila akishahamishwa, hatakiwi kuonekana tena kwenye nyumba, wala chemchemini, wala kula. Ingeleta mkanganyiko."

Nzi alitembea kwenye ukingo wa jagi.

"Lakini hatutafika huko," alisema Mwenyekiti. "Kwa sababu Jumamosi utatikisa kichwa. Sivyo?"

Na Sikudhani, ambaye alikuja kusema sentensi moja tu, alitikisa kichwa.

Aliporudi hakumweleza bibi. Alichuja maji ya mtoni kwa kitambaa, akayachemsha, akampa. Bibi alionja, akaweka kikombe chini.

"Yana ladha ya tope."

"Ndiyo, bibi."

"Umekwenda kwa Matagi?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukamwambia?"

Sikudhani alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Bibi Nyamizi alimtazama mgongo wake, mgongo wa mtoto aliyembeba, akaamua kutouliza tena.

*

Ijumaa jioni Mzee Pazi alipita akijifanya anatafuta mbuzi wake. Hakuwa na mbuzi tena. Wa mwisho alikula majani ya njia ya kurukia ndege na akataifishwa.

"Mwanangu, nimekesha nalifikiria hili. Dawa ni nyepesi. Kura za Wasiozaliwa zinashinda zetu zote, ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Na anayesikia wanachosema ni wewe tu?"

"Ndiyo, ila Mwenyekiti ndiye anayetangaza."

"Kesho usimpe nafasi. Weka sikio, inua kichwa, sema mwenyewe: Wasiozaliwa wanasema chemchemi iachwe wazi. Basi! Wamepiga kura, wameshinda. Matagi atafanya nini, awapinge wengi?" Mzee Pazi alicheka hadi akashika kiuno. "Tutawafunga kwa kamba yao wenyewe."

"Lakini mzee, sisikii kitu mle ndani."

"Na yeye anasikia?"

Usingizi haukuja kwa urahisi. Sikudhani hakuwa amezoea kudanganya, hata watoto. Lakini aliona kwamba huo ulikuwa uongo mwepesi kuubeba kuliko ukweli. Uongo ule ungesemwa kwa jina la watu wengi wasioonekana. Yeye angejificha nyuma yao, kama kawaida.

*

Jumamosi jua lilitoka kali. Turubai lilifungwa juu ya viti vya Halmashauri, na wananchi wakapewa sehemu ya Uwanja wa Mpira wa Taifa Tarajiwa, yaani kwenye miba. Kando ya chemchemi mafundi walikuwa wakikoroga zege. Walichota maji chemchemini ndoo kwa ndoo, chini ya ulinzi wa Gervas, na wananchi wenye midomo iliyopasuka waliyatazama yakimwagwa kwenye mchanga na saruji.

"Hayo wanayachota kwa ruhusa ya nani?" aliuliza Mzee Pazi.

"Wasiozaliwa wameyakopesha," alijibu Mtendaji wa kijiji.

Sikudhani aliketi mbele, mtungi wa bibi magotini. Alikuwa amevaa kitenge. Alitafuta uso wa bibi yake katika umati, hakuuona. Kisha akamwona, akaukumbatia mtungi.

Bibi Nyamizi alikuwa ameketi kwenye jiwe bapa, ndani ya kamba, miguu yake mitupu ndani ya maji. Kandambili zake alizipanga vizuri pembeni. Haikujulikana aliuteremkaje ule mteremko. Pengine alijiburuta kwa makalio tangu alfajiri. Kata ilikuwa mkononi.

"Nani amemruhusu huyo?" alinong'ona Bwana Luhende.

"Nilimkuta hapo, bosi," alisema Gervas. "Nikamwambia toka. Akaniuliza mama yangu hajambo."

"Na ukamjibuje?"

"Nilisema hajambo."

Mwenyekiti Matagi alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu kiu. Alisema kiu ni jambo la mpito. Alisema babu zetu walikunywa maji bila mpango wowote, na tazama, wote wamekufa. Fundi mkuu alisogea mara ya kwanza, kofia mkononi. "Mheshimiwa, zege linaanza kukaza." Mwenyekiti alimwashiria asubiri, akaendelea kwenye sura ya pili ya hotuba.

Hatimaye aligeuka. "Msemaji wa Wasiozaliwa! Wananchi wenzetu wajao wanasemaje kuhusu kufunikwa kwa chemchemi yao?"

Sikudhani aliinamisha sikio. Mvumo ule ule. Alifumba macho kama afanyavyo anapokunywa kata ya pili, akainua kichwa, na kabla Mwenyekiti hajavuta pumzi, akasema:

"Wasiozaliwa wanasema chemchemi iachwe wazi."

Ilikuwa sauti ndogo, lakini palikuwa kimya. Mzee Pazi alipiga kofi moja, akajizuia. Mnong'ono ulipita kwenye miba kama moto kwenye nyasi kavu. Wengi wamesema! Wengi wape!

Mwenyekiti Matagi hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Sikudhani. Alitabasamu, akamwinamia Bwana Luhende, kisha akasimama wima.

"Msemaji amesikia vibaya. Asikilize tena."

Alisikiliza tena. "Wanasema iachwe wazi."

Bwana Luhende alijisafisha koo. "Ndugu wananchi, tukumbuke Wasiozaliwa ni wadogo mno. Wadogo kuliko watoto wachanga. Lugha yao ni ngumu. Wanaposema 'wazi' huenda wanamaanisha wapo wazi kuunga mkono Mpango."

"Asikilize tena," alisema Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, zege," alisema fundi.

"Asikilize tena!"

Mara ya tatu Sikudhani alipoinama, jasho lake lilidondokea ndani ya mtungi, akasikia tone likigonga chini. Akaelewa. Wangeweza kumwinamisha hapo hadi jioni. Hadi aseme wanachotaka viongozi, hao watu wasioonekana wangeendelea kusikika vibaya. Siku wakisema kuku, wameeleweka mara moja. Mtungi huu haukuwa na njia ya kutokea. Halmashauri iliyouleta mkutanoni ndiyo iliyokuwa na kizibo chake.

"Muda hautusubiri," alisema Bwana Luhende, na kwa mara ya kwanza hakutazama juu ya kichwa cha mtu, alimtazama Bibi Nyamizi. "Naomba Halmashauri itumie kifungu cha heshima."

"Inatumika!" alisema Mwenyekiti. "Ndugu zangu, Bibi Nyamizi, mama yetu mpendwa, kuanzia dakika hii amejiunga na Waliopita. Tumkumbuke daima. Makofi matatu ya kilo!"

Palipigwa makofi mawili, hafifu, chini ya turubai. La tatu halikuja.

"Gervas, eneo sasa halina mtu. Ondoa kilichopo pale. Mafundi, mimineni."

Gervas alikwenda. Alikwenda polepole, lakini alikwenda. Mafundi walishika mikokoteni. Bibi Nyamizi alichota kata, akamwaga pembeni kuondoa majani, akachota ya pili na kuinyanyua kuelekea mdomoni. Gervas akamshika mkono, na kata ikasimama hewani, maji yakimdondoka kiwikoni.

Sikudhani alikuwa na sauti nyingine ambayo Halmashauri haikuwahi kuisikia. Waliijua watoto wa chekechea peke yao. Ilikuwa sauti anayoitumia mtoto anapokimbilia barabarani bila kutazama, sauti inayomfikia kabla gari halijamfikia. Hakuipanga. Ilimtoka tu, ikavuka turubai, viti na uwanja wa taifa wote.

"MWACHE!"

Gervas aliuachia ule mkono kana kwamba umemuunguza. Mikokoteni ilisimama. Hata Mwenyekiti, mtu mzima mwenye koti, alijikuta amerudi nyuma hatua moja na kuunganisha miguu, kama anayeambiwa apange mstari.

"Nani..." alianza, akajikaza. "Nani anasema hivyo? Msemaji! Nakuuliza kwa mujibu wa utaratibu. Wanasema Wasiozaliwa?"

Sikudhani alisimama. Aliuchukua mtungi wa mama yake bibi, akaupakata, akapita mbele ya viti vyote, akavua kandambili moja, kisha ya pili, akaruka kamba. Akaukalisha mtungi ndani ya maji, karibu na miguu ya bibi yake, na mtungi ulianza kujaa kwa sauti nzito, bwu, bwu, bwu, ambayo watu wote waliisikia bila kuinamisha sikio.

Ndipo akageuka.

"Hapana, Mheshimiwa Mwenyekiti. Humu hakuwahi kuwamo mtu. Sikuwahi kusikia neno hata siku moja, na niliogopa kuwaambia. Anayesema ni mimi, Sikudhani, mjukuu wa Bibi Nyamizi huyu aliye hai. Msiizibe chemchemi. Mimi nina kiu."